Macho Yana Umbeya: Yanasema Wapi, Hayasemi Kwa Nini

Kama wewe ni mtu wa kijiweni, lazima umeshawasikia masela wakisema mdomo unaweza kuzuga lakini macho hayazugi. Mtu anakwambia "ile hela achana nayo, yaishe", huku macho yanaipima simu yako mpya. Binti anasema ameshiba, macho yamegota kwenye sahani ya chipsi. Umbeya wa macho tunaujua siku nyingi.

Leo nakuletea umbeya huo ukiwa na ushahidi wa picha. Hapa kwetu Misugusugu macho ya watu kumi na wawili yalirekodiwa wakicheza gemu, na yangu yalikuwemo. Kilichoonekana humo kilimpandisha mmoja chati, kikamtoa mwingine kwenye kundi la wazembe, na kikakaribia kuvunja uchumba wa mtu. Tulia nikupe.

Kwa wasiopajua, Misugusugu ni Kibaha. Ukitoka Dar kwa barabara ya Morogoro, umeshaipita Maili Moja na hujafika Mlandizi. Malori yanapita usiku na mchana, hayalali. Burudani ya vijana ni mpira, bodaboda na banda la gemu: TV moja, pedi mbili, benchi la mbao, na karatasi ukutani iliyoandikwa "Mkopo kesho".

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anasoma mambo ya habari chuoni Dar. Mwalimu wao aliwapa kazi: watengeneze video inayoonyesha kitu ambacho watu wanakifanya bila kujijua. Wenzake wakakimbilia kurekodi watu wanaojikuna na wanaoongea peke yao kwenye daladala. Yeye akaja likizo na wazo la macho.

KAZI YENYEWE

Vifaa vyake ni simu mbili tu. Moja aliiweka chini ya TV, imemkodolea mchezaji usoni. Ya pili ilikaa nyuma ya mchezaji, inachukua kinachotokea kwenye TV. Zote zikianza kurekodi anapiga kofi moja kubwa. Baadaye anatafuta lile kofi kwenye video zote mbili, anazipanga sawa, na hapo uso na mchezo vinakwenda pamoja. Watu wa sinema wamefanya hivyo miaka nenda rudi.

Kabla ya mechi anamwambia mchezaji aangalie pembe nne za TV moja baada ya nyingine, kisha katikati. Anapata kipimo: mboni zikikaa hivi, huyu anaangalia juu kulia, zikishuka hivi, anaangalia chini katikati. Mashine za maabara zinafanya jambo hilohilo kwa ufundi zaidi. Zinammulika mtu kwa mwanga ambao jicho halioni, kisha kamera inafuata mboni na kialama cha mwanga kinachong'aa juu ya jicho. Umbali kati ya viwili hivyo unasema mtu anaangalia wapi. Simu ya binamu haifiki huko, lakini kwa kujua upande wa TV inatosha.

Ukiirudisha video polepole unashangaa. Jicho halitembei kwa kuteleza, linaruka kama panzi. Linatua, linaruka, linatua tena, mara tatu au nne kwa sekunde moja. Sababu ni kwamba sehemu ya jicho inayoona vizuri kabisa ni ndogo mno. Nyosha mkono uangalie ukucha wa dole gumba lako: eneo la ukubwa huo ndilo unaloliona kwa ukali. Kwingine kote ni ukungu ukungu, ubongo unaunganisha vipande. Ndiyo maana kujua jicho limetua wapi ni kujua mtu amechukua nini.

Wazee wa kazi hii waliteseka. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Edmund Huey alikuwa akibandika kikombe kidogo cha plasta juu ya jicho la mtu, baada ya kulitia ganzi, kikiwa kimeunganishwa na kijiti kinachochora kila jicho linapocheza. Hebu fikiria! Mwaka 1901 Raymond Dodge na Thomas Cline wakaleta njia ya ustaarabu: kupiga picha ya mwanga unaoakisiwa na jicho, bila kuligusa. Binamu yangu ni mjukuu wa hao, ingawa jicho langu halikuguswa na mtu.

BINGWA HAUTAZAMI MPIRA

Tuanze na bingwa wa banda. Dogo huyu anaendesha bodaboda, na kwenye gemu la mpira hafungiki. Watu walikuwa wanasema ana vidole vyepesi. Wengine walinong'ona kwamba pedi yake ina kitu.

Video ikasema vingine. Sisi wengine wote macho yetu yameganda kwenye mpira, kama paka anayemtazama panya. Mimi ndiyo usiseme, nilionekana kama nimepigwa picha ya pasipoti. Yeye kila anapopokea mpira mboni zinashuka chini, zinarudi, ndipo anapiga pasi. Chini kule kuna nini? Kuna ile ramani ndogo yenye vidoti inayoonyesha wachezaji wote uwanjani. Sisi tuliiona kama pambo.

Tukamuuliza kwa nini anaangalia kule. Akajibu kwa mkato: "Mpira naujua uko wapi, si ninao mimi? Natafuta wasionao."

Jibu hilo lina ndugu zake kwenye vitabu. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Geert Savelsbergh wa Uholanzi waliwavalisha makipa kifaa cha kufuata macho, wakawaonyesha video za watu wanaopiga penalti. Makipa wazoefu walitazama zaidi miguu ya mpigaji na eneo la mpira, hata ule mguu usiopiga. Wasio wazoefu walipotea kwenye kiwiliwili, mikono na nyonga. Nyuma zaidi, mwaka 1972, Ronald Mourant na Thomas Rockwell wa Marekani waliyarekodi macho ya madereva barabarani. Madereva wapya walitazama karibu na pua ya gari na walivisahau vioo. Wazoefu walitazama mbali na walivipitia vioo kila mara.

Sasa unganisha mwenyewe. Ile ramani ya vidoti ndiyo kioo cha pembeni. Dogo anayepita katikati ya malori ya barabara ya Morogoro kila siku amezoea kuuliza "nani yuko wapi" kabla hajakata kona. Kama gemu limemfundisha barabara au barabara imemfundisha gemu, video haikusema. Ila mwaka 2003 C. Shawn Green na Daphne Bavelier, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester, waliandika katika jarida la Nature kwamba wacheza gemu za mapambano waliweza kuzingatia vitu vingi kwa mpigo kuliko wasiocheza. Kwa hiyo mzazi anayesema gemu ni upuuzi mtupu, apunguze kidogo. Na kijana anayetaka kutumia habari hii kukesha bandani, naye apunguze.

USO ULIOKUWA UNAKUA

Kuna mtoto wa miaka kumi na moja, jirani yetu. Shuleni anaitwa mzembe. Anaandika nusu ya kazi, nusu anaacha. Ukimwita kwa mbali hajibu mpaka usogee, watu wakasema ana dharau. Maza wake anauza genge, dingi ni dereva wa safari ndefu, kwa hiyo fimbo za kumrekebisha zilitoka kila upande.

Mtoto akacheza mechi yake kama wengine. Jioni tunaangalia video, binamu akanyamaza. Nyuso zetu sote zilikuwa na ukubwa uleule kuanzia kofi mpaka filimbi ya mwisho. Uso wa yule mtoto ulikuwa unakua. Dakika ya kwanza anaonekana mpaka mabega, dakika ya tano tunaona uso tu, mwishoni kamera imejaa macho mawili yaliyokunjwa kama mtu anayetazama jua. Bandani siku ile tulimfokea tu: "Dogo, rudi nyuma, unatuziba!" Hakuna aliyemuuliza kwa nini anasogea.

Binamu alimpelekea maza wake ile video gengeni. Hakutoa hotuba, aliicheza tu. Yule mama aliitazama mara mbili, akasema, "Kumbe haoni mwanangu." Siku mbili baadaye genge halikufunguliwa. Mtoto alipimwa, akakutwa haoni mbali, akaandikiwa miwani. Miwani si bure, mama akacheza kijumbe ili aipate. Leo dogo anakaa kando ya barabara anasoma majina ya mabasi kabla hayajafika, na anatangaza kwa sauti mpaka kero.

Hapa usidhani nakupigia hadithi ya zali tu. Wenzetu wa Kenya wameshaifanya kwa vipimo. Katika kaunti ya Trans Nzoia, kule Kitale, daktari wa macho Hillary Rono na wenzake waliwapima wanafunzi zaidi ya 20,000 wa shule 50, na wapimaji walikuwa walimu. Nusu ya shule zilitumia simu yenye programu ya Peek, na wazazi wakatumiwa ujumbe na kuonyeshwa picha ya namna mtoto wao anavyoiona dunia. Nusu nyingine zilitumia utaratibu wa kawaida wa karatasi. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Kati ya watoto waliokutwa na tatizo, waliofika hospitali upande wa simu ni asilimia 54. Upande wa karatasi ni asilimia 22.

Tafakari hizo namba. Kazi ngumu haikuwa kumgundua mtoto, ilikuwa kumfikisha. Mzazi akishaona kwa macho yake kile mtoto asichokiona, genge linafungwa siku moja.

Wazazi watauliza: gemu ndilo lililomharibu macho? Tusimhukumu gemu haraka. Kutoona mbali kunarithiwa, na pia kunahusishwa na kukaa sana ndani na kutazama vitu vya karibu. Huko Guangzhou, China, utafiti uliotolewa mwaka 2015 uliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, walioanza kupata tatizo hili walikuwa asilimia 30 hivi, na wasioongezewa muda karibu asilimia 40. Kwa hiyo dawa rahisi ya mtoto ni jua la nje, gharama yake ni viatu kuisha. Na mkubwa unayekodoa TV, kumbuka kupepesa. Mtu akizama kwenye kioo anasahau kupepesa, macho yanakauka na kuwasha.

UCHUMBA ULIVYOTAKA KUVUNJIKA

Sasa tuje kwenye soo. Jamaa mmoja fundi pikipiki alicheza huku mchumba wake amekaa pembeni kwenye benchi. Akafungwa vibaya. Wakati wa kutazama video, mchumba naye yupo. Kila mtu akaona: katikati ya mechi macho ya jamaa yanaruka nje ya TV, kushoto, kuelekea mlangoni. Mara moja, mbili, tatu, nne. Na mlangoni siku ile alisimama binti muuza karanga.

Bwana eh! "Kumbe ndiyo maana ulifungwa!" Binti wa watu alisimama, mkoba begani. Jamaa anajitetea kwamba alikuwa anachunga pikipiki ya mteja aliyoiacha nje na ufunguo. Nani amsikilize?

Binamu akairudisha ile video ya pili, inayoonyesha TV na kipande cha mlango. Macho yaliruka mara mbili kabla muuza karanga hajafika. Kwa hiyo mara mbili za kwanza jamaa ameokoka. Na mbili za mwisho? Hapo kamera haina jibu, na mimi sikuwemo kichwani mwake.

Kuna Mrusi mmoja, Alfred Yarbus, kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967. Alimwonyesha mtu mchoro wa Ilya Repin wa bwana anayerudi nyumbani bila kutarajiwa, familia imeshtuka. Akamuuliza: familia hii ina uwezo kiasi gani? Macho yakazunguka njia moja. Akamuuliza tena: watu hawa wana umri gani? Macho yakaenda kwenye nyuso. Mtu yuleyule, mchoro uleule, njia tofauti kabisa. Kilichobadilika ni swali lililo kichwani.

Hilo ndilo somo la mlangoni. Video inakwambia jicho limetua wapi. Haikwambii kichwani palikuwa na swali gani: "binti mzuri yule" au "pikipiki ya watu ile". Mwenye jibu ni mmoja tu, mwenye macho. Mkishindwa kuulizana na kuaminiana, kamera haitawasaidia, itawaongezea ugomvi. Wale wawili bado wapo pamoja, ila jamaa siku hizi anacheza gemu ametazama TV kama mtu anayeapishwa.

MACHO NI YAKO, USIGAWE OVYO

Baada ya soo hilo jamaa aliomba video yake ifutwe. Binamu akaifuta palepale, mbele yake. Alikuwa ameomba ruhusa ya kila mtu kabla ya kurekodi, na kwa watoto aliwaendea wazazi. Mwanzoni tulimwona mnoko. Baada ya yaliyotokea nikamwelewa.

Maana mchezo huu umeshatoka kwenye maabara. Februari 2023 Sony walianza kuuza PlayStation VR2, ile ya kuvaa usoni kama miwani mikubwa, na ndani yake mna kamera zinazofuata macho. Faida ipo: gemu linachora kwa ukali pale unapotazama tu, kwingine linapunguza, mashine inapumua. Lakini fikiria kifaa chochote kinachojua ulitulia kwenye nini, kwa sekunde ngapi, na ulikwepa nini. Kikianza kubahatisha "kwa nini" yako, kitakuwa kama yule mchumba na mkoba wake begani, tofauti ni kwamba hutakuwepo kujitetea.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume yake. Msingi wake ni rahisi: anayekusanya taarifa zako aseme anazitaka za nini, na wewe una haki ya kujua na kukataa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza "nimekubali" ili gemu lifunguke haraka, soma hata mistari mitatu.

Nisije nikakutisha bure, maana mwenye macho akishika usukani, mambo yanakuwa matamu. Los Angeles alikuwepo mchoraji wa kuta, Tony Quan, jina la mtaani Tempt. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao ALS ulimlaza kitandani, akabaki na uwezo wa kuchezesha macho. Mwaka 2009 kundi la wasanii na waandika programu lilimtengenezea EyeWriter: fremu ya miwani ya bei rahisi na kamera iliyotolewa kwenye PlayStation, igeuzwe imtazame jicho. Tempt akachora tena, kwa macho matupu, na michoro yake ikamulikwa kwenye kuta za mjini. Pale hapakuwa na wa kubahatisha alitaka nini. Aliamua mwenyewe mstari uanzie wapi na uishie wapi.

Binamu amesharudi chuoni na kazi yake. Nasikia mwalimu aliuliza kwa nini hakuandika maelezo ya kila mchezaji alikuwa anawaza nini. Akajibu kwamba pale alipouliza ameandika, na pale asipouliza ameacha wazi. Sijui atapewa maksi ngapi, mimi ningempa zote.

Na wewe msomaji wangu, wiki hii ukimwona dogo anasogelea TV, usimfokee kwanza. Ukimwona mpenzi wako ametazama mlangoni, usibebe mkoba kwanza. Uliza "kwa nini", kisha funga mdomo usikilize jibu. Tukutane wiki ijayo.